Jina Lilikuwa Limekaa Tu

Kadi zenyewe alizikata Tekla kwa mkono wake. Alinunua manila za rangi ya zambarau, akakaa barazani na mkasi wake wa kukatia nyuzi, akakata mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima akasimama mbele ya kanisa lao pale Kinyerezi, yeye mwenyekiti wa Umoja wa Mama, akazigawa kwa kina mama na vijana, na akasema maneno yaliyowaingia watu.

“Utii si kwaya, jamani, kwamba ukikosea, sauti ya mwenzio itakufunika. Utii ni wa mtu na Mungu wake. Kila mmoja aandike jambo moja, lile analojua Mungu amemwambia alifanye na yeye anakwepa kila mwaka. Usimwonyeshe mtu. Ikifika Pasaka uwe umelitii.”

Watu wakaitika amina. Margareta, katibu wake, alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tekla mwenyewe aliandika, “Kuacha kusengenya,” akaikunja kadi yake, akaona amemaliza.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu, saa tisa alasiri, na Tekla alikuwa amesimama chumbani kwa binti yake na kadi isiyokuwa yake mkononi. Wallahi hakuingia kupekua, aliingia kutafuta sindano ya mashine yake ya kufumia sweta. Lakini Biblia ilikuwa juu ya kitanda, na kadi ilikuwa inachungulia katikati ya kurasa, na mkono wa mama ukaenda wenyewe. Kwa mwandiko wa Noela ule ulionyooka yaliandikwa maneno mawili tu: Kurudisha jina.

Hajapata la kufanya, akasikia kelele uani, akaichomeka kadi kifuani.

“Mama Noela! We Mama Noela! Toka huko, mtoto kapata kazi!”

Ilikuwa sauti ya mumewe, Marselino. Alikuwa ametoka Mwenge anakochonga vinyago, vumbi jeusi la mpingo limemganda kwenye nyusi, na alikuwa anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Noela alisimama kando ya karo, simu mkononi. Yeye hakuruka.

“Msomee mama yako,” Marselino alisema. “Soma tena, na mie nisikie.”

“Namba mia mbili kumi na nne,” Noela akasoma, sauti haina chumvi. “Mauwa Nurdin. Muuguzi. Aripoti kwa mwajiri ndani ya siku kumi na nne. Asiyeripoti, nafasi yake atapewa mwingine.”

Miaka mitatu walikuwa wanaingoja namba hiyo. Miaka mitatu Noela anajitolea kwenye vituo vya afya, analipwa nauli na asante, huku mama yake anafuma sweta za shule mpaka mabega yanawaka moto. Leo namba imekuja, na Tekla ameisikiliza huku kadi ya zambarau imemchoma ndani ya sidiria.

Hapa inabidi tueleze, maana mgeni atauliza huyo Mauwa katoka wapi. Kwa ubatizo, kwa kipaimara, kwa majirani wote wa Kinyerezi, binti huyu ni Noela Marselino. Kwenye makaratasi yote ya serikali ni Mauwa Nurdin. Mwaka alipofanya mtihani wa darasa la saba huko kwao Newala, Noela alianguka, na kurudia kulikuwa hakuna. Tekla aliishia darasa la saba mwenyewe, alijua mtoto akiishia hapo anabaki wapi. Akasikia kwamba katika kijiji cha wifi yake yupo mwalimu mkuu anayesaidia wazazi. Akampelekea debe mbili za korosho. Mwalimu akafungua daftari, akashusha kidole polepole, akakisimamisha.

“Huyu hapa. Mauwa Nurdin. Ameandikishwa mtihani, shule haji tangu mwezi wa sita. Jina limekaa tu.”

Jina limekaa tu. Tekla aliyashika maneno hayo kama mtu aliyepewa cheti. Wiki tatu alikaa kwa wifi yake akimfundisha binti yake kuitika. Anatwanga, ghafla anaita, “Mauwa!” Noela akikawia, anafinywa paja. “Mauwa!” “Abee, mama.” “Mauwa!” “Abee.” Mpaka mtoto akawa anaitika usingizini. Akafanya mtihani, akafaulu, mwaka wa pili wakahamia Dar es Salaam ambako hakuna aliyewajua. Miaka kumi na miwili ikapita juu yake.

Mama mwenye mtoto, unayesoma hapa, usiharakishe kumtupia Tekla jiwe. Wala usiharakishe kumfuata.

Jioni walikaa kwenye mkeka, ugali katikati, kisamvu cha nazi na samaki mmoja aliyenunuliwa kwa furaha ya siku ile. Noela hakunawa. Alinyoosha mkono mtupu kwa mama yake.

“Mama, naomba kadi yangu.”

“Kadi ipi?”

“Ile yenye kona iliyokatika vibaya. Umeikata mwenyewe, unaijua.”

Tekla alimtazama mumewe, akatazama sahani, mwisho akaingiza mkono kifuani na kuitoa, imelowa jasho. Mwenyekiti wa Umoja wa Mama, mbele ya mume na mwana, anatoa kitu cha wizi kwenye sidiria. Noela akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu kwa mama yake, na heshima hiyo ndiyo iliyouma.

“Sasa kurudisha jina ndo nini?” Tekla akaanza, maana aliyekamatwa hupenda kuuliza yeye. “Unalirudisha wapi? Kwani sufuria hilo?”

Marselino akacheka. Akaona hawacheki, akanyamaza, akamega ugali.

“Mama, unajua chuoni kulitokea nini?” Noela alisema. “Nilijiunga na ushirika wa wanafunzi Wakristo. Wakasoma jina langu, Mauwa Nurdin. Wakanisimamisha mbele. Kiongozi akasema, jamani tumshangilie dada yetu aliyetoka kwenye Uislamu akamjua Bwana. Wakapiga vigelegele. Wakaniletea Biblia mpya. Nikalia, wakadhani nalia kwa furaha. Na kazini, Ramadhani hii, wamama wananiletea futari, Mauwa mwenzetu, kula. Nakula. Kule nimekuwa mwongo kwa Wakristo, huku mwongo kwa Waislamu. Mie naomba kwa jina lipi?”

“Mungu anakujua.”

“Ndo ananisumbua hivyo kwa kuwa ananijua.”

“Wangapi wako hivyo, Noela? Ofisini humo, wakiitwa majina ya kweli leo, nusu ya watu watageuka kutazama nyuma. Umeokoka, sawa, nani amekukataza? Ripoti kazini, upate mshahara, utoe zaka, usaidie wajane. Huo si utii?”

“Ulisema utii ni wa mtu na Mungu wake.”

“Niliwaambia watu wa kanisa!”

Maneno yalishatoka. Tekla mwenyewe aliyasikia yalivyokaa vibaya. Akamgeukia mumewe. “Baba Noela, sema na wewe. Umekaa hapo kama kinyago chako.”

Marselino alilamba vidole taratibu. “Mie najua mpingo tu. Ukikosea pua ya kinyago, hubandiki pua nyingine, itadondoka, mteja atakurudishia. Unatafuta sura nyingine humohumo ndani ya mti.” Akafikiri kidogo. “Ila kuna mti mwingine unakuwa umekwisha. Sijui huu wetu ni upi.”

“Asante kwa msaada,” Tekla akasema.

“Kabla ya kwenda ofisini,” Noela akaendelea, “nataka kwanza nimwone mwenyewe. Nimwombe radhi. Binamu Jonas, wa kule kijijini kwa shangazi, amenipa habari zake, yuko Mbezi Luis, anasuka nywele nje ya stendi. Si aliacha shule mwenyewe? Basi hata hatakasirika sana. Nitamweleza kwamba jina lilikuwa limekaa tu.”

Tekla akarudisha tonge kwenye sahani.

Maana kulikuwa na jambo Noela hakulijua, wala Marselino. Siku ile ya kuamkia mtihani, Tekla alikwenda shuleni na bakuli la maandazi kwa ajili ya mwanawe. Getini akakutana na msichana anatoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Kichwa kimenyolewa upya, ngozi inang'aa mafuta ya nyonyo, sare kamili, na sweta ya kijani iliyofumuka mkono wa kushoto. Tekla mfumaji, aliliona hilo kwanza, uzi unaning'inia. Mtoto akaamkia vizuri huku analia, shikamoo mama. Tekla akamwuliza analilia nini.

“Nilikuwa nimewekwa ndani, nachezwa unyago. Bibi hakuniruhusu kutoka mpaka ngoma iishe. Nimekuja kufanya mtihani, mwalimu amesema jina langu halipo.”

“Wewe nani?”

“Mauwa Nurdin.”

Angeweza kupaza sauti. Mtihani ulikuwa kesho yake, daftari lilikuwa mle ndani, hatua ishirini. Tekla akaingiza mkono kwenye bakuli, akampa andazi moja. “Nenda nyumbani mwanangu,” akamwambia. “Utafanya mwakani.” Na alijua mwakani hakuna, yeye aliyetoka kutoa debe mbili za korosho kwa sababu mwakani hakuna.

Jumapili baada ya ibada alimvizia Padri mlango wa nyuma, anavua joho.

“Padri, kuna mama mmoja, siyo wa hapa, wa Kitunda. Mtoto wake alisoma kwa jina la mtu. Sasa mtoto kaokoka sanasana, anataka kwenda kujisema, na kazi ndo imetoka. Huyo mama amwambieje?”

Padri alikunja joho lake mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa mtu wa makamo, si msemaji.

“Huyo mama wa Kitunda anaogopa kazi itapotea, au anaogopa kitu kingine?”

“Kazi.”

“Kama ni kazi tu, mwambie tutaomba pamoja. Kama kuna kingine, akaongee na mwenye nacho kwanza.”

“Na mtoto aripoti au asiripoti?”

“Sijui, Mama Noela.”

“Hujui?”

“Asiporipoti, nyumba inalala njaa, na makosa hayakuwa yake. Akiripoti, kila mwisho wa mwezi anasaini uongo. Nisikudanganye kwamba nina jibu mfukoni.” Akatabasamu kwa huzuni. “Kadi zako zile zimenisumbua hata mie. Yangu bado haina kitu.”

Tekla aliondoka na hasira. Padri mzima anasema sijui! Tena amemwita Mama Noela, wala hakumwita mama wa Kitunda. Njiani alipanga kumsimulia Margareta jinsi Padri alivyokuwa hovyo siku hizi, akakumbuka kadi yake mwenyewe, akaumeza umbea mzimamzima.

Jumatatu asubuhi, Noela akiwa kisimani, Tekla alichukua bahasha ya vyeti vyote vya Mauwa Nurdin akaitumbukiza ndani kabisa ya mfuko wa nyuzi za kijani. Asipate cha kwenda kuwasalimishia watu, alijiambia. Akakaa kwenye mashine, akafuma mistari mitatu, akashtuka. Bila vyeti hivyohivyo mtoto hawezi kuripoti pia. Akainuka kuvitoa. Akakaa. Akainuka tena. Hakujua tena anamzuia nini, kupotea au kupona. Siku hiyo alifuma sweta moja yenye mikono miwili ya kushoto.

Siku ya kumi walikwenda Mbezi Luis. Noela alitaka kwenda peke yake. Tekla alisema huko kuna vibaka, atamsindikiza, na hata yeye hakuamini sababu yake.

Nje ya stendi kubwa, upande wa barabara ya vumbi, wanawake walikuwa wamepanga viti vya plastiki chini ya miavuli, wanasuka abiria wanaosubiri mabasi. Walimwona yule waliyeelekezwa kwa kanga yake ya njano. Alikuwa mnene wa kuchangamka, mdomo umebana nywele za bandia, vidole vinakwenda kasi kwenye kichwa cha dada mmoja anayesafiri. Nyuma yake kasichana ka miaka kumi hivi kanaandika hesabu kwenye daftari lililoegemezwa ndoo.

“Karibuni! Shikamoo mama. Mnasuka nini, twende kilioni, yeboyebo? Kaeni hapo, huyu namalizia. We mwanangu Sikujua, saba mara nane si hamsini na nne, futa hiyo.”

Hakuwa ametazama daftari hata mara moja.

Noela hakukaa. Alipiga magoti palepale, na sketi yake ya heshima, kwenye vumbi na nywele zilizokatwa za watu.

“Dada Mauwa, mie naitwa Noela. Mie ndo niliyefanya mtihani wa darasa la saba kwa jina lako. Nimesomea uuguzi kwa jina lako. Nimekuja kukuomba msamaha.”

“He!” akasema yule abiria, akageuka.

“Tulia, mstari utapinda.” Mauwa alisuka mstari mpaka ukafika kisogoni, akaufunga, akatoa nywele nyingine mdomoni. Ndipo akacheka, kicheko kifupi. “Kwa hiyo wewe ndo mie.”

“Ndiyo.”

“Mie nesi! Bibi angesikia.” Akaanza mstari mwingine. “Unajua matokeo yalipotoka, jina langu lilibandikwa. Mauwa Nurdin amechaguliwa sekondari. Watu wakaja nyumbani kumpa baba mkono. Mie namwambia, baba, mtihani sikufanya. Ananiambia, mtoto wewe mnyenyekevu mno, unaficha hata kufaulu. Akachinja jogoo. Asubuhi nimevaa sare, baba kanishika mkono kanipeleka shuleni. Mwalimu akasema siye huyu, ni mwingine wa jina hilo. Baba alirudi njia nzima hasemi. Watu walikuwa bado wana mafuta ya kuku mdomoni.”

Noela alikuwa analia bila sauti. “Niliambiwa uliacha shule. Nimekuja kulirudisha. Nitakwenda ofisini niseme yote.”

“Utalirudisha vipi? Lile lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na minne. Mie nina ishirini na sita na watoto watatu, sare haitanitosha.” Yule abiria akaguna kucheka, akajizuia. “Na ukisema, si watakuja kwangu? Mauwa, uliuza jina? Utasemaje?”

“Nitawaambia hukuuza.”

“Watamwamini nani, nesi au msusi?”

Noela alikuja na magoti na machozi na mstari wa Maandiko aliokariri njiani, na hakuna hata kimoja kilichojibu swali hilo.

Mauwa akainua macho. Yakampita Noela, akamtazama Tekla aliyekuwa amesimama nje ya kivuli cha mwavuli, juani, mkoba ameukumbatia.

“Mama huyu namjua.”

Tekla akatikisa kichwa, si kukataa wala kukubali.

“Namjua,” Mauwa akarudia, na vidole vikasimama kwa mara ya kwanza. “Wewe ndo mama wa andazi. Pale getini. Nikakutajia jina langu, ukanipa andazi ukaniambia niende nyumbani. Lilikuwa na iliki. Sikulila, unajua? Nililishika mkononi mpaka nyumbani, likavunjikavunjika. Siku zote nilikuwaga nasema, yule mama peke yake alinionea huruma.”

Noela aligeuza shingo polepole. “Mama. Ulimwona?”

“Jina lilikuwa...” Tekla alisema. “Mwalimu alisema jina lilikuwa...”

Halikutoka. Miaka kumi na miwili lilikuwa linatoka vizuri.

Mauwa aliwatazama wote wawili, mmoja chini mmoja juu, kama mtu anayeangalia ugomvi wa nyumba ya jirani. Hakusema nimesamehe, wala hakutukana, na Tekla angeshukuru hata kutukanwa. “Mie siwezi kuwaambia nendeni kwa amani, maana sijui mnakwenda wapi,” alisema mwisho. “Nina mteja, basi lake saa nne. Na wewe sista usikae kwenye vumbi hivyo, unanifukuzia watu.”

Walipoondoka, kale kasichana kalikuwa kamewaangalia muda wote, penseli mdomoni.

Siku tatu zikapita. Noela aliamka, aliamkia shikamoo mama, alifagia, alipika, hakusema la zaidi. Laiti angegombana! Marselino alikwenda kazini na kurudi, jioni moja akamwuliza mkewe, “Kwani huko Mbezi mlikula nini?” Tekla akamweleza yote, mara ya kwanza. Marselino alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. Alitoka nje, akakaa na kipande cha mpingo mapajani, hakukichonga, alikipapasa tu mpaka kuku wakaingia bandani.

Siku ya kumi na nne, alfajiri, Tekla alimkuta Noela amevaa amemaliza, yuko mlangoni.

“Mama, vyeti viko kwenye nyuzi za kijani. Nimeviona tangu Jumatatu ile.”

“Mbona hukuvichukua?”

“Nilitaka unipe.”

Tekla alichomoa bahasha, nyuzi zikaambatana nayo. Akauliza swali alilokuwa analiogopa. “Unakwenda kuripoti, au unakwenda kusema?”

“Sijui.” Macho ya binti yalikuwa mekundu. “Nimefunga, nimeomba, sijasikia kitu. Nikisema, namtia Mauwa kwenye maswali na wewe kwenye kesi. Nikinyamaza, nitakuwa naitika jina lake kila asubuhi, na sasa namjua sura. Nilidhani utii ni rahisi ukishakubali. Twende tu. Labda nitajua nikiitwa.”

Ofisini kulikuwa na mabenchi mawili na watu wa kujaza manne. Vijana wenye bahasha, mashati mapya, mama mmoja na kitoto mgongoni. Karani alikuwa binti wa miwani, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu, anaita majina anaweka alama. Walikaa tangu saa mbili. Saa tano ikapita. Tekla aliomba, lakini sala ilikuwa na vipande viwili vinavyogongana, Bwana aitike, Bwana asiitike, akaiacha.

“Mauwa Nurdin!”

Vidole vya Tekla vilikwenda vyenyewe kwenye paja la binti yake. Kidole gumba na cha shahada, palepale pa zamani. Akaviona, akavikunja ngumi. Noela alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

“Mauwa Nurdin!”

“Dada, si wewe?” Kijana wa jirani alikuwa amesoma bahasha. “Unaitwa.”

Noela hakuinuka wala hakutikisika. Kope tu zilicheza.

“Mauwa Nurdin, mara ya tatu! Hayupo? Naandika hajaripoti.”

Kalamu ilikuwa inashuka kwenye karatasi. Tekla akajikuta amesimama. Alisimama kwa ajili ya nini, hata leo hajui. Labda alitaka kupiga kelele kwamba yupo, mtoto wangu yupo hapa, muueni mtu lakini msimwandike hayupo. Alivuka benchi, akakanyaga mguu wa mtu, akafika dirishani akihema.

“Yupo,” alisema.

“Yuko wapi? Alete vyeti.”

“Yuko Mbezi Luis.”

Karani akainua uso. “Mbezi anafanya nini na leo ndo siku ya mwisho?”

“Anasuka nywele.” Tekla akanyoosha kidole kwenye benchi alikokaa binti yake. “Huyu niliyekuja naye anaitwa Noela. Noela Marselino. Hana kosa, alikuwa mtoto, alifinywa.”

“Mama, sikuelewi. Nina watu hapa. Wewe ni nani yake huyo Mauwa? Mama yake?”

“Hapana.”

“Shangazi? Mlezi?”

“Hapana.”

“Sasa nikuandike nani?”

Tekla alitafuta. Aligeuka akamwona Noela ameinuka, anakuja kati ya watu na bahasha kifuani, uso wake mama hakuweza kuusoma, kama ni hasira au ni kitu kingine. Akarudi kwenye tundu la kioo. Lilikuwepo jambo moja tu la kweli alilowahi kumfanyia Mauwa Nurdin, akalitaja.

“Nilimpa andazi,” akasema, “nikamwambia aende nyumbani.”